Kaseti ya Mambo ya Nyumbani

Kila asubuhi Klaudia aliamka kabla ya watoto. Alifagia uwanja, akachochea moto, akabandika sufuria ya uji. Kisha aliingia kibanjani. Kibanja chao kiliizunguka nyumba pande zote, migomba ikiwa juu na kahawa chini yake. Alikata majani makavu, akayatandaza kwenye mashina ili udongo usikauke. Jua lilipopanda, alikuwa tayari ameshakata mkungu wa ndizi za mchana.

Nyumba hiyo ilikuwa karibu na Kagoma, wilayani Muleba. Mwaka ulikuwa 1991.

Mume wake aliitwa Ildefons. Ujana wake aliumaliza juu ya lori, akiwa utingo wa kusafirisha kahawa hadi bandari ya Kemondo. Pesa ya mwisho ya kazi ile alinunulia redio kaseti mjini Bukoba, akarudi nyumbani kulima. Walipata watoto wawili, wote wasichana. Getruda alikuwa darasa la saba. Mdogo, Kokuberwa, alikuwa na miaka mitano.

Ildefons alikuwa mwanamume mpole. Kila msimu alipeleka kahawa kwenye chama cha msingi, akarudi na sukari, mafuta ya taa na kitenge. Klaudia alipouliza habari za mauzo, alijibu neno lilelile.

"Mambo yako sawa, Mama Getruda."

Hakusema zaidi. Hakuwa na ubaya wowote. Baba yake alifanya hivyo, na baba wa baba yake pia. Mambo yote ya nyumba alikuwa nayo kichwani, na kichwa chake kilikuwa kizuri.

Kisha akaugua.

Ilianza kwa kikohozi, ikafuata homa, kisha mwili ukaanza kuisha. Miaka ile hapakuwa na mwezi uliopita bila mazishi kijijini. Watu walijua ni ugonjwa gani, lakini walipoulizwa walisema "ni kifua" au "ni homa." Nyumba mbili za jirani zilikuwa zimefungwa. Vibanja vya nyumba hizo viliota magugu.

Mwezi wa pili, Ildefons alizidiwa. Kwa siku nne hakumtambua mtu. Hospitali ilihitaji pesa ya usafiri, ya dawa na ya chakula. Klaudia alipekua sanduku, akainua godoro, akatazama ndani ya kibuyu kilichotundikwa ukutani. Hakupata kitu. Aliikumbuka kadi ya kahawa. Malipo ya pili ya msimu uliopita yalikuwa yametangazwa, na mwenye kadi angelipwa. Lakini kadi ilikuwa wapi?

Asubuhi ya siku ya tano alimfungua Bihogo, mtamba wao wa pekee mwenye rangi nyekundu, akampeleka kwa mnunuzi. Mnunuzi aliona machozi yake, akajua hawezi kusubiri. Alimpa shilingi elfu nane. Bihogo alikuwa na thamani ya zaidi ya mara mbili ya hizo.

Ildefons alitibiwa. Walimkuta na kifua kikuu juu ya ule ugonjwa mwingine, wakamwanzishia dawa. Baada ya wiki tatu alirudi nyumbani. Siku moja alitoka na fimbo, akaketi uwanjani kuota jua. Alitazama huku na huku.

"Mama Getruda, Bihogo amefungwa wapi leo?"

Klaudia alikuwa anamenya ndizi. Kisu kilisimama.

"Nilimuuza."

"Ulimuuza?"

"Ulikuwa unakufa. Sikuwa na hata senti."

Ildefons aliinamia fimbo yake. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kuna elfu kumi na moja Posta. Kitabu cha akiba kipo ndani ya mto wa kitanda, nimekishonea humo. Na kadi ya kahawa ipo hukohuko."

"Ule mto niliokulazia siku zote nne?"

"Ndiyo huo."

Klaudia aliweka kisu chini. Hakupiga kelele. Alijifuta utomvu mikononi, akasema, "Miaka kumi na minne nalala karibu na mto huo, Baba Getruda. Ningejuaje?"

Ildefons alinyoosha mkono wake mkavu, akaushika wa Klaudia. Wakakaa hivyo hadi jua likahama.

*

Kila Jumanne nyumba yao ilitembelewa na Alistidia. Alikuwa mama wa makamo, mhudumu wa wagonjwa wa parokia. Alikuja kwa baiskeli, na ndani ya mfuko wake kulikuwa na sabuni, vidonge, daftari na kalamu. Mkononi alivaa saa ya kiume, kubwa kuliko mkono wake.

Jumanne ile aliuliza, "Dawa za kifua anakunywa saa ngapi?"

"Asubuhi," alijibu Klaudia.

"Asubuhi ya saa ngapi? Na jana alikunywa?"

Klaudia alimtazama Ildefons. Ildefons alimtazama Klaudia. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua.

Alistidia hakuwagombeza. Alikaa mkekani, akanyoosha miguu. "Haya, nielezeni. Mnaendeshaje nyumba hii?"

Klaudia alimweleza habari ya Bihogo. Alieleza mwanzo hadi mwisho.

"Ma Alistidia, mimi niliishia darasa la nne," alisema. "Kusoma nasoma, ila polepole. Na huyu mikono inamtetemeka, hawezi kuandika hata ukurasa mmoja. Na mambo yote yako kichwani mwake. Kwa hiyo tufanyeje?"

Alistidia alizungusha macho chumbani. Redio kaseti ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Inafanya kazi?"

"Sana," alisema Ildefons.

"Inarekodi?"

"Ina kitufe chekundu. Sijawahi kukigusa."

"Leo tutakigusa. Una kaseti tupu?"

Hakuwa na kaseti tupu. Alikuwa na kaseti tatu za muziki, mbili za kwaya na moja ya dansi. Alistidia alichukua moja, akaonyesha vishimo viwili vidogo kwenye ukingo wake wa juu.

"Mmeviona? Kaseti ya dukani ina vishimo hivi ili mtu asiifute kwa bahati mbaya. Ukivifunika kwa karatasi na gundi, redio inakubali kurekodi. Ukimaliza kurekodi, unabandua karatasi, redio inakataa tena. Sauti yako inabaki salama. Sasa tuchague ya kufuta."

Ildefons alizishika zote tatu kwa zamu.

"Kwaya ziacheni," alisema. "Futeni ya dansi. Mimi sitacheza tena."

Klaudia aligeuza uso. Wakati wa harusi yao Ildefons alicheza hadi viatu vikachanika.

Walibandika karatasi kwa ugali kidogo wa muhogo, kwa sababu gundi haikuwapo. Alistidia alimwonyesha Klaudia namna ya kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kile chekundu na kile cha kupigia. Betri zilikuwa zimechoka, wakazianika juani hadi mchana. Aliwaonyesha pia namna ya kurudisha mkanda kwa kuuzungusha na penseli, ili betri zisiishe bure.

"Sema jambo moja kila siku," alimwambia Ildefons. "Usichoke. Leo sema shamba, kesho sema pesa, keshokutwa sema watoto. Na wewe Klaudia, sikiliza kidogo, simamisha, andika. Sikiliza tena, andika. Usiogope kwenda polepole, kaseti haina haraka."

"Kwa nini niandike, kama sauti ipo?"

"Kaseti inaweza kukatika. Inaweza kuibiwa. Daftari ukilibeba hadi Posta, karani ataona namba. Sauti ni ya kutunza mawazo yake, daftari ni la kufanyia kazi."

Kabla ya kuondoka alitundika kalenda ya parokia ukutani. Kila siku ambayo Ildefons angemeza dawa, Getruda angeichorea msalaba mdogo. Siku za kliniki walizizungushia duara. Mwisho wa wiki Klaudia aliuza mikungu mitatu, akanunua saa ya mezani iliyotumika. Iliita kwa kelele saa moja kamili ya asubuhi, na Kokuberwa alikimbia na kikombe cha maji kabla mtu hajamtuma. Tangu siku hiyo vidonge havikusahaulika tena.

*

Asubuhi Klaudia alipokwenda kibanjani, aliiacha redio kwenye kiti karibu na kitanda. Akirudi alikuta Ildefons amechoka, lakini uso wake una nuru. Mchana, Getruda akiwa shule na mgonjwa amelala, alisikiliza.

"Mama Getruda, ni mimi. Leo ni Jumatano. Naanza na kahawa. Mikahawa yote ni mia mbili na kumi. Ile ya upande wa barabara imezeeka. Ikate mwezi wa tisa, acha machipukizi matatu kwenye kila shina, mengine yote toa. Usimwonee huruma mkahawa. Ukimwonea huruma, atakunyima."

Klaudia alicheka peke yake. Alisimamisha mkanda, akaandika: *Barabara. Kata mwezi wa 9. Machipukizi 3.*

Herufi zake zilikuwa kubwa na zimepinda. Ukurasa wa kwanza ulimchukua siku mbili, wa kumi ukamchukua saa moja. Getruda alimchorea safu tatu daftarini, upande mmoja pesa inayoingia, upande mwingine inayotoka, na mwisho inayobaki. Kila jioni kabla ya kula, Klaudia aliwauliza wote mbele ya moto, "Leo nini kimeingia? Nini kimetoka?" Hata chumvi iliandikwa. Ildefons alisikiliza akiwa ameegemea mlango. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Klaudia alijua nyumba yake ina nini.

Mwezi wa nne Ildefons alipata nguvu kidogo. Jirani alimbeba kwenye baiskeli hadi Posta. Alitoa akiba yake yote, wakafungua kitabu kipya kwa jina la Klaudia. Karani alimpa kalamu. Klaudia aliandika jina lake lote bila kuinua mkono.

Mtu mmoja tu hakupendezwa. Alikuwa Privatus, mdogo wake Ildefons. Alikuwa askari wakati wa vita vya Uganda, akarudi na mguu mmoja unaochechemea. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku hizo alikuja mara nyingi kumwona kaka yake, na kila akija alipita kwanza kibanjani, akatazama migomba kama mtu anayepima.

Siku moja alimkuta Klaudia na daftari.

"Shemeji, usijisumbue na makaratasi," alisema. "Ukoo upo."

Aliyasema kwa upole, lakini Klaudia alilifunga daftari. Hakuwa na mtoto wa kiume. Alijua wajane ambao ukoo ulikuwepo, na wakaondoka na godoro kichwani.

*

Siku iliyofuata alisikiliza upande wa pili wa kaseti. Ildefons alikuwa amezungumza kwa muda mrefu, akipumzika na kukohoa.

"Mama Getruda, hili sijamwambia mtu. Baba alipokuwa anakaribia kufa, Privatus alikuwa vitani. Baba alinishika mkono, tukashuka naye hadi kijitoni. Alinionyesha mstari wa mimea ya mulamula, ile ya kuwekea mpaka. Akasema, kuanzia hapa hadi majini ni kwa mdogo wako. Mtunzie. Mikahawa ni sitini. Privatus aliporudi nilikuwa na deni la nyumba, nikasema nitamwambia msimu ujao. Msimu ujao nikasema ujao. Sasa ni miaka kumi na miwili. Nimekula kahawa ya ndugu yangu."

Mkanda ulikwaruza. Kisha sauti ikasema tu, "Nimechoka. Kesho."

Klaudia alizima redio. Nje kuku walikuwa wanachakura. Alifungua daftari lake, akatafuta ukurasa wa kahawa. Zamani asingejua sitini ni hasara kiasi gani. Sasa alijua. Mikahawa ya kijitoni ilikuwa michanga kuliko ile ya barabarani, yenye maji karibu, na ilizaa karibu nusu ya mavuno yote. Nusu hiyo ndiyo ilikuwa ada ya Getruda, sare yake, sanduku na godoro la bweni.

Aliitoa kaseti. Alikuwa ameshabandua karatasi za asubuhi, na vishimo viwili vilikuwa wazi. Karatasi mbili ndogo na ugali kidogo, kisha kitufe chekundu kwa dakika tatu, na neno lile lisingekuwapo tena. Hakuna aliyelisikia zaidi yake. Ildefons alikuwa amelala na mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka. Privatus mwenyewe hakujua.

Alikata karatasi. Alizishika kiganjani. Alifikiri juu ya Getruda, aliyeamka alfajiri kusoma kwa mwanga wa moto. Alifikiri pia juu ya mto wa kitanda, na Bihogo akivutwa kwa kamba, na jinsi alivyosema *ningejuaje*. Privatus naye angejuaje?

Alizitupa karatasi jikoni kwenye majivu.

Ildefons alipoamka, alimkuta ameketi kitandani.

"Nimesikia habari za kijitoni," alisema Klaudia.

Ildefons alifumba macho. "Umenichukia?"

"Hapana. Lakini kwa nini umeiambia redio, usimwambie ndugu yako?"

"Redio hainitazami usoni."

Klaudia alimwekea mto vizuri. "Ukifa, watamsikilizisha kaseti. Atasikia, na hatakuwa na mtu wa kumjibu. Atanigeukia mimi na watoto. Mwambie ungali hai, Baba Getruda. Mimi nitakaa karibu nawe."

"Na ada ya mtoto?"

"Sijui," alisema Klaudia. "Hiyo bado sijui."

*

Alistidia alipoelezwa, alitikisa kichwa taratibu. "Afadhali amesema," alisema. "Lakini sikilizeni. Kaseti si wosia. Mtu yeyote anaweza kubisha, akasema mgonjwa alikuwa anaweweseka. Nendeni mahakama ya mwanzo mkaulize."

Klaudia alikwenda mwenyewe, na daftari lake kwapani. Karani wa mahakama alimweleza vizuri. Wosia uandikwe, uwe na tarehe, mgonjwa akiwa na akili zake. Wawepo mashahidi wa ukoo na mashahidi wasio wa ukoo, na mke naye awepo. Wote watie sahihi mbele ya mwenye wosia. Nakala moja ikae mahali pengine salama, isikae nyumbani pekee. Klaudia aliyaandika yote pale pale dirishani, karani akimsubiri.

Jumapili baada ya misa watu walikusanyika uwanjani. Wa ukoo walikuwa Privatus na baba yao mdogo, mzee Rutashobya. Wasio wa ukoo walikuwa Alistidia na Mwalimu Rugambwa, aliyekuja na karatasi za kuandikia. Ildefons alitolewa nje, akakalishwa kwenye kiti na blanketi miguuni. Klaudia alikaa chini, bega lake likigusa goti la mumewe.

"Privatus," alianza Ildefons, "kabla Mwalimu hajaandika, nina neno lako."

Alilisema lote, la baba, la mulamula, la mikahawa sitini, la miaka kumi na miwili. Hakujitetea. Alipomaliza alikuwa anatweta.

Privatus hakuinua macho.

"Nilipokosa mahari, nikakopa kwa watu," alisema hatimaye, "mikahawa yangu ilikuwa inazaa?"

"Ilikuwa inazaa."

"Na mtoto wangu alipokosa dawa?"

"Nilikupa kidogo. Nilitoa katika chako, nikakufanya unishukuru."

Privatus alisimama. Alichukua fimbo yake, akashuka kibanjani akichechemea, hadi migomba ikamfunika. Hakuna aliyemfuata. Ndizi zilizopikwa zilianza kupoa. Mzee Rutashobya alikohoa. Kokuberwa aliuliza kama baba mdogo amekwenda nyumbani, akaambiwa anyamaze.

Privatus alirudi baadaye sana. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Nimeihesabu," alisema. "Si sitini. Ni sitini na mitatu."

"Mitatu niliipanda mimi," alisema Klaudia.

Mzee Rutashobya aliguna, karibu acheke. Privatus alimgeukia Klaudia.

"Ulijua lini, shemeji?"

"Wiki mbili zilizopita. Niliisikia kwenye kaseti."

"Kaseti inafutika."

"Inafutika."

"Na hukuifuta."

"Nilikata karatasi za kuifutia. Kisha nikazitupa."

Privatus aliketi. Safari hii hakurudi mahali pake. Aliketi chini, karibu na miguu ya kaka yake.

"Nilikuwa nakuja kutazama kibanja," alisema, na maneno yalitoka kwa shida. "Nilikuwa nasema moyoni, kaka hana mtoto wa kiume, hiki chote kitakuwa changu. Mwalimu, andika. Kuanzia kwenye mulamula hadi majini ni kwa Privatus. Kuanzia kwenye mulamula kupanda hadi barabarani ni kwa Klaudia na binti zake, na mimi sitakuja kukidai, wala watoto wangu. Na ile ya kijitoni, yeye ndiye aliyeipalilia. Tugawane mavuno nusu kwa nusu mpaka Getruda amalize kidato cha nne. Liandike na hilo."

Kalamu ya Mwalimu Rugambwa ilikwenda. Ildefons aliweka mkono wake juu ya kichwa cha mdogo wake, kama alivyofanya wangali watoto. Privatus aliuacha ukae.

Wote walitia sahihi. Klaudia alitia yake ya mwisho. Kisha akamwambia Mwalimu, "Usifunge kalamu. Na mimi siku zangu sizijui. Niandikie wa kwangu." Wakaandika na wa pili siku hiyo hiyo, ukitaja nani atawalea wasichana na pesa yao iko wapi. Nakala zilipelekwa kutunzwa parokiani.

*

Ildefons alifariki mwezi wa nane, mchana mmoja wa mvua nyepesi. Klaudia alikuwa amemshika. Miezi ile ya mwisho walikuwa wamezungumza kuliko miaka yote kumi na minne, kuhusu mikahawa, kuhusu watoto, kuhusu lile lori la Kemondo na barabara zake mbaya. Hakukuwa na jambo lililobaki bila kusemwa.

Alizikwa kibanjani. Baada ya matanga ukoo ulikaa. Mzee Rutashobya aliusoma wosia kwa sauti. Binamu mmoja kutoka mbali aliinua mkono, akauliza tangu lini mwanamke anaachiwa kibanja. Privatus alimjibu kabla mtu mwingine hajafungua kinywa.

"Nilikuwepo ukiandikwa. Sahihi yangu ni hiyo. Kuna swali jingine?"

Hakukuwa na swali jingine.

Mwezi wa tisa Klaudia alikata mikahawa ya barabarani, akaacha machipukizi matatu kwenye kila shina. Msimu wa mauzo alipeleka magunia mwenyewe kwenye chama cha msingi. Karani alimsomea jumla ya kilo. Klaudia alifungua daftari, akapitisha kidole, akasema kwa heshima:

"Nimepima nyumbani, waitu. Tafadhali hesabu tena. Gunia moja umeliruka."

Karani alihesabu tena. Kweli alikuwa ameliruka. Aliomba radhi, akasahihisha, na Klaudia akaondoka na stakabadhi iliyo sawa.

Januari, Getruda aliitwa kidato cha kwanza. Ada ilitoka Posta, ikabaki akiba kidogo. Siku ya safari Privatus alifika asubuhi na baiskeli. Alilifunga sanduku la shule nyuma ya kiti, akaanza kuisukuma, mguu wake ukichechemea. Getruda alitangulia na godoro, akitembea haraka kwa furaha na hofu. Klaudia alifuata na Kokuberwa mkononi.

Walifika barabara kuu. Basi lilikuwa bado halijatokea. Privatus aliisimamisha baiskeli, akajifuta jasho.

"Shemeji," alisema, bila kumtazama, "Jumapili una nafasi?"

"Kwa nini?"

"Njoo kwangu. Mke wangu hajui nina kahawa kiasi gani. Hajui hata kadi naiweka wapi." Alikaza kamba ya sanduku. "Nataka umfundishe kuandika zile safu tatu."

"Nitakuja," alisema Klaudia. "Lakini na wewe ukae tukiandika. Kilichomo kichwani mwako mimi siwezi kukijua."

"Nitakaa," alisema Privatus.

Basi lilitokea kwenye kona. Wakainua sanduku pamoja, Privatus upande huu na Klaudia upande ule.